Kuitembelea nyika ya Lüneburg ukitokea Hamburg: msimu, njia, kondoo na chumvi

Mjomba wangu alipokuja Hamburg kututembelea, nilimuuliza angependa kuona nini. Nilidhani atataja bandari au maduka. Akaniambia, "Mwanangu, nipeleke nikaone mifugo ya huku." Mjomba amefuga mbuzi na kondoo Handeni tangu utoto, na mtu wa namna hiyo humpeleki sokoni ukaridhika. Nikampeleka Lüneburger Heide, nyika iliyo kusini mwa Hamburg katika jimbo la Niedersachsen, ikizungukwa na miji ya Hamburg, Bremen na Hannover. Tangu hapo kila mgeni anayefikia kwangu namwelekeza huko, na maelekezo nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010, Waswahili tunapishana huku kila siku, na bado wengi wetu hukaa miaka bila kuifika nyika hii ambayo ni safari ya saa moja na kidogo tu.

Kwanza, jua unakwenda kuona nini

Wajerumani wanaposema Heide wanamaanisha vitu viwili: nyika yenyewe, na mmea unaoifunika. Mmea ni kichaka kifupi cha kufika magotini, kigumu, chenye vijani vidogo vilivyobanana na vimaua vya zambarau. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro, ulipotoka msituni ukaingia kwenye vichaka vya nyanda za juu, ulipita katikati ya ndugu zake. Wa Kilimanjaro hurefuka hadi kuwa miti, wa huku hubaki chini.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba nyika hii imetengenezwa na binadamu. Zamani palikuwa msitu. Miaka kama 5,000 iliyopita wakulima walianza kukata na kuchoma, na udongo ulikuwa mchanga mtupu ulioachwa na barafu ya zama za kale, kwa hiyo ulichoka haraka. Mmea pekee uliokubali kustawi ulikuwa Heide. Wakulima wakaingiza kondoo wa kuula, na wakawa wanaparura tabaka la juu la ardhi pamoja na mizizi, wanalitandika zizini, likishachanganyika na samadi wanalipeleka shambani kuwa mbolea. Kazi ngumu sana hiyo. Lakini ndiyo iliyoizuia misitu isirudi kwa karne nyingi.

Karne ya 19 mambo yakageuka. Mbolea ya viwandani ikaingia, sufu ya bei rahisi ikaletwa kutoka ng'ambo, kondoo wakakosa faida na ardhi ikapandwa misonobari. Nyika ikaanza kumezwa. Aliyestuka mapema alikuwa Wilhelm Bode, mchungaji wa kanisa la Egestorf. Mwaka 1906 alitafuta fedha, akalinunua bonde liitwalo Totengrund kabla halijajengwa nyumba za mapumziko. Mchungaji wa kanisa ndiye aliyewaokolea malisho wachungaji wa kondoo. Mwaka 1909 ikaanzishwa jumuiya ya hifadhi, Verein Naturschutzpark, ambayo hadi leo inamiliki maeneo makubwa ya nyika na makundi ya kondoo. Hifadhi yenyewe sasa ina ukubwa wa hekta 23,400 hivi.

Nakueleza haya mapema kwa sababu yanabadilisha namna ya kutembea. Kila unapoona uwazi wa zambarau mbele yako, ujue kuna mtu na kondoo wake waliopita hapo mwaka huu. Wakiacha kupita, baada ya miaka michache utakuta vichaka vya miti.

Hatua ya 1: Panga tarehe

Nyika huchanua mara moja kwa mwaka. Wenyeji wana kanuni yao ya zamani: kuanzia Agosti 8 hadi Septemba 9. Kwa uzoefu wangu, wiki mbili za mwisho za Agosti ndizo za uhakika. Lakini mvua ndiyo inayoamua. Mwaka wa ukame maua huwa machache na rangi hufifia mapema. Msimu ukikaribia, watu wa utalii wa eneo hilo huweka mtandaoni kipimo kinachoonyesha maua yamefikia wapi. Kiangalie kabla hujakata tiketi.

Epuka Jumamosi na Jumapili za Agosti ukiweza. Mabasi ya wastaafu hufika kwa wingi, na magari ya farasi hupishana kama daladala za Kariakoo. Jumanne au Jumatano asubuhi utapata njia peke yako.

Kama Agosti huwezi, usikate tamaa. Mwezi Mei vinamasi hujaa manyoya meupe ya mmea uitwao Wollgras, kama mtu amemwaga pamba. Oktoba ina ukungu wa asubuhi na rangi za majani. Januari na Februari mimi sikushauri, isipokuwa unapenda ukimya na baridi inayouma masikio.

Hatua ya 2: Usafiri

Mwenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, hana la kuongeza, maana treni zote za mkoa zimo. Mgeni asiyekuwa nayo anaweza kununua tiketi ya siku ya jimbo la Niedersachsen, ambayo hutumika hadi Hamburg pia, na mkiwa watu hadi watano mnagawana bei. Hapo ndipo nafuu kubwa ilipo kwa familia.

Kutoka kituo kikuu cha Hamburg panda treni ya mkoa hadi Buchholz in der Nordheide. Hapo badilisha, uingie treni ndogo ya Heidebahn inayokwenda Handeloh, Schneverdingen na Soltau. Angalia vizuri ubao wa kituo cha Buchholz, kwa sababu dakika za kubadilisha huwa chache na treni inayofuata si ya dakika tano kama tulivyozoea mjini.

Kati ya katikati ya Julai na katikati ya Oktoba kuna mabasi ya bure yaitwayo Heide-Shuttle. Ndiyo, bure. Huzunguka vijiji vya nyika, na yanavuta tela la kubebea baiskeli. Ratiba hubadilika kila msimu, basi ipakue kwenye simu kabla hujaondoka, kwa sababu mtandao huko ndani hukatika. Uandike pia saa ya basi la mwisho kwenye karatasi. Mimi niliwahi kulikosa nikiwa na watoto wawili wamechoka, na teksi ya kijijini haiji kwa kupungiwa mkono.

Nje ya msimu huo, mabasi ya kawaida ni machache mno. Aidha ukodi gari, au uchague Schneverdingen, ambako treni inakufikisha mjini na nyika iko umbali wa kutembea.

Hatua ya 3: Mavazi na mzigo

Njia ni za mchanga. Mchanga ule ni laini kama wa ufukweni, unaingia kwenye viatu vya wazi, na ukitembea kilomita kumi unahisi miguu imefanya kazi ya kilomita ishirini. Vaa viatu vya kufunga. Suruali ndefu pia, kwa ajili ya kupe. Kupe wa huku hubeba ugonjwa wa Borreliose, na ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Watoto wakague kichwani. Nyoka mwenye sumu wa jamii ya moma, Kreuzotter, yupo, ila ni mwoga. Ukibaki njiani hamtakutana.

Beba maji, koti la mvua hata kama jua linawaka, na fedha taslimu. Mikahawa mingi ya vijijini haipokei kadi. Na kama unakwenda Jumapili, nunua kila kitu Jumamosi, kwa kuwa maduka hufungwa nchi nzima.

Hatua ya 4: Tembea kutoka Undeloh hadi Wilsede

Kama una siku moja tu, itumie hapa. Yote mengine yanaweza kungoja.

Anza Undeloh asubuhi. Ni kijiji cha nyumba za matofali mekundu na mapaa ya matete, na mwanzoni mwake utayaona magari ya farasi yamejipanga. Unaweza kupanda hadi Wilsede, kama kilomita tano hivi, na kwa wazee au wenye watoto wadogo ni jambo zuri. Bei zimeandikwa ubaoni na hakuna kupatana. Lakini mwenye miguu mizima aende kwa miguu, kwa sababu farasi hupita barabara yao, na njia ya waenda kwa miguu ndiyo inayopita karibu na vichaka.

Baada ya nusu saa ya kutembea msitu unaachia, na nyika inafunguka. Simama hapo. Usikimbilie kupiga picha. Chuchumaa uangalie tawi moja la Heide kwa karibu: maua ni madogo kuliko punje ya mchele, yamepangana upande mmoja wa tawi, na kila moja lina kivuli cha waridi ndani. Kisha sikiliza. Agosti utasikia mvumo mmoja mfululizo unaotoka ardhini, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Ni nyuki. Wafugaji huleta mizinga yao nyikani msimu huu, na utaiona imepangwa kwenye vibanda vya mbao vilivyofunguliwa upande mmoja. Zamani mizinga ilikuwa ya majani yaliyosukwa kama kikapu kilichopinduliwa, ikikandikwa kinyesi cha ng'ombe kwa nje ili baridi na mvua zisipenye. Baadhi ya wafugaji bado wanayo.

Ile miti mirefu, myembamba, ya kijani iliyokolea, inayosimama kama watu waliovaa kanzu nyeusi, ni Wacholder. Ni ndugu wa mtarakwa wa milima yetu. Kondoo hawaugusi kwa sababu ya miiba yake, ndiyo maana unabaki pale vingine vyote vinapoliwa.

Wilsede ni kijiji kisicho na magari. Utayasikia mabadiliko hayo kwanza masikioni. Miti mikubwa ya mialoni imezizunguka nyumba, kuta ni za mawe ya mviringo ambayo barafu iliyasukuma kutoka Skandinavia. Ingia kwenye jumba la makumbusho, Dat ole Huus, jina la Kijerumani cha kaskazini lenye maana ya "nyumba ya zamani." Limekuwa makumbusho tangu mwaka 1907. Ni nyumba ndefu yenye mlango mkubwa wa kuingiza mkokoteni. Ng'ombe walikaa upande huu na huu, watu walikaa mwisho karibu na moto, na hapakuwa na bomba la moshi. Moshi ulipanda darini ukakausha nyama zilizoning'inizwa, kisha ukajitafutia njia kwenye nyasi za paa. Mjomba alisimama pale katikati muda mrefu, akagusa nguzo iliyokuwa nyeusi kwa moshi, akasema, "Kumbe na hawa walilala na mifugo yao." Sikuwahi kulitazama jumba lile kwa namna hiyo kabla ya siku ile.

Ukitoka kijijini panda Wilseder Berg, kama kilomita moja na zaidi. Wanauita mlima, wenye urefu wa mita 169. Kwa mtu wa Moshi au Lushoto ni kilima, lakini katika nchi tambarare ya kaskazini mwa Ujerumani hakuna kinachouzidi karibu, na siku ya anga safi unaiona minara ya Hamburg. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alikitumia kilele hiki katika miaka ya 1820 alipokuwa akipima ardhi ya ufalme wa Hannover, na kuna jiwe la kumkumbuka.

Kisha shuka Totengrund, lile bonde alilolinunua Bode. Jina lake ni Bonde la Wafu. Wapo wanaosema ni kwa sababu ardhi yake haikufaa kwa lolote, na wapo wanaosema majeneza ya Wilsede yalipitishwa huko kwenda kuzikwa Bispingen. Usishuke hadi chini, haturuhusiwi, na hakuna haja. Njia inazunguka ukingoni, na kutoka ukingoni unaliona bonde zima kama bakuli. Kama umelala karibu, fika hapa kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu hujaa ndani ya bakuli hilo, vilele vya mitarakwa vikitokeza juu yake, halafu jua likipanda ukungu unachanika kidogo kidogo na zambarau inajitokeza chini. Nimeona fukwe nyingi nzuri maishani, lakini asubuhi ile ya Totengrund naiweka pamoja nazo.

Malizia Niederhaverbeck, umbali wa saa moja hivi kwa mwendo wa kawaida, ambako unaweza kupanda basi la bure. Jumla utakuwa umetembea kilomita 12 hadi 14.

Hatua ya 5: Watafute kondoo

Kondoo wa hapa wanaitwa Heidschnucken. Ni wadogo, uso na miguu vyeusi, sufu ya kijivu ndefu inayoning'inia, na madume pamoja na majike wote wana pembe. Wana wao huzaliwa weusi tii, kijivu huja baadaye. Huwapati kwa kupanga saa, maana kundi linahama siku nzima. Waulize wenyeji mahali ulipolala, au nenda Höpen karibu na Schneverdingen, ambako kuna zizi. Kwa kawaida kundi hutolewa asubuhi na kurudishwa jioni.

Siku niliyokwenda na mjomba tulilikuta kundi limevuka njia. Mchungaji alikuwa mwanamke wa makamo, ameegemea fimbo ndefu yenye kijembe kidogo mwishoni. Mjomba akaniuliza kile kijembe ni cha nini. Nikatafsiri. Yule mama hakujibu kwa maneno: alichota bonge la mchanga kwa ncha ya fimbo, akalirusha mbele ya kondoo aliyekuwa anajitenga, na kondoo akageuka. Mjomba alicheka kwa furaha, akasema kwao wanatumia jiwe. Ndani ya kundi kulikuwa na mbuzi wachache, na mjomba akaeleza sababu kabla hajaambiwa: kondoo hula majani ya chini, mbuzi humaliza miche ya miti. Yule mama akatikisa kichwa kukubali.

Wakazungumza kuhusu mbwa mwitu wa Ulaya, Wolf. Walikuwa wametoweka huku, sasa wamerudi, na wachungaji wamelazimika kuweka nyaya za umeme usiku na kufuga mbwa wakubwa wa ulinzi. Mjomba akasimulia ya fisi. Nilikuwa natafsiri huku na huku, nikaona hawa wawili wanaelewana zaidi ya ninavyoelewana mimi na majirani zangu. Akatuonyesha pia kitu ambacho sasa nakionyesha wageni wote: utando wa buibui kati ya vichaka. Kondoo wakipita wanauvunja, na nyuki anapata njia ya kufika kwenye ua bila kunaswa. Ndiyo maana mfuga nyuki humpenda mchungaji.

Adabu ni chache na lazima zifuatwe. Usiingie katikati ya kundi. Mbwa wako awe na kamba shingoni. Usichume maua. Usitoke njiani, kwa sababu kuna ndege wanaotaga chini, kama Birkhuhn, kwale mweusi mkubwa ambaye amebaki sehemu chache sana za nchi hii. Usivute sigara nyikani wakati wa kiangazi. Vichaka hivi hushika moto kama karatasi.

Hatua ya 6: Siku ya Schneverdingen

Treni ya Heidebahn inakushusha hapa. Tembea au kodisha baiskeli hadi Pietzmoor, kinamasi kilichoanza kujikusanya yapata miaka 8,000 iliyopita. Njia ya mbao inakuzungusha juu ya maji meusi, kama kilomita tano kwa mzunguko mzima. Watu walikuwa wakikata udongo wake mweusi, ambao ni mimea iliyooza nusu, wakaukausha na kuuchoma badala ya kuni. Kazi hiyo ilikoma katika miaka ya 1960. Sasa mitaro imezibwa ili maji yarudi, na misonobari iliyoota wakati wa ukavu imekufa imesimama majini, myeupe kama mifupa. Inama ukingoni mwa mbao utafute Sonnentau, kimea kidogo chekundu chenye nywele zenye matone ya kunata. Kinakula wadudu.

Upande wa pili wa barabara iko Osterheide. Ukiitazama leo hutaamini: kwa zaidi ya miaka 30, hadi 1994, majeshi ya Uingereza na Kanada yalifanya mazoezi ya vifaru kwenye maeneo haya, na ardhi ikawa mchanga mtupu unaopeperuka. Walipoondoka, nyika ilirudishwa kwa mkono na kwa kondoo. Tembea polepole hapa. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu inayotia moyo kuliko zote, kuona ardhi iliyosagwa namna ile ikichanua tena ndani ya umri wa mtu.

Mwisho wa Agosti mji hufanya sherehe ya maua na kumvika taji malkia wa Heide. Ina msafara, muziki na watu wengi. Karibu na hapo kuna bustani ya Heidegarten yenye aina zaidi ya 100 za Heide, baadhi huchanua hata majira ya baridi, kwa hiyo mgeni wa Februari naye ana pa kupeleka macho.

Hatua ya 7: Mji wa Lüneburg

Kutoka Hamburg ni kama nusu saa kwa treni. Mji huu ulitajirika kwa chumvi, na habari zake zimeandikwa tangu mwaka 956. Chini yake kuna mwamba wa chumvi, maji yake yalitekwa, yakachemshwa kwenye masufuria makubwa ya risasi. Nyumba za kuchemshia zilikuwa 54, kila moja masufuria manne. Chumvi ilipelekwa Lübeck na kutoka huko ikasambaa pwani za Baltiki kuhifadhia samaki. Mtu aliyekula ng'onda anaelewa mara moja kwa nini chumvi ilikuwa mali. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980 baada ya zaidi ya miaka elfu, na mahali pake pana jumba la makumbusho ya chumvi. Anzia hapo, ndipo uzunguke mji.

Kwa sababu chumvi ilitolewa chini, mji unazama. Tembea mtaa wa magharibi wa mji mkongwe uangalie milango: mistari yake imepinda, kuta zina matumbo. Kanisa la St. Lamberti lilipasuka hadi likabomolewa karne ya 19. Kanisa la St. Michaelis, alikosoma na kuimba mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach akiwa kijana kuanzia mwaka 1700, nguzo zake zimeegama. Pumzika Stintmarkt kando ya mto Ilmenau, ukitazamana na winchi ya zamani ya mbao iliyopakia mashua za chumvi.

Hatua ya 8: Bergen-Belsen, kwa siku yake

Upande wa kusini wa nyika hiyohiyo, karibu na mji wa Celle, kulikuwa na kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen. Wafungwa wa kambi zaidi ya 52,000 walikufa pale, na mateka wa vita karibu 20,000, wengi wao Wasovieti. Anne Frank, binti Myahudi aliyeandika shajara mashuhuri, na dada yake Margot ni miongoni mwa wafungwa waliokufa pale. Waingereza waliikomboa Aprili 15, 1945. Mabanda yalichomwa kuzuia maradhi, kwa hiyo leo hakuna majengo ya kuona: kuna uwazi, miti, na vilima virefu vilivyofunikwa Heide. Kila kilima kina ubao wa jiwe unaotaja idadi ya waliolala ndani. Elfu moja. Elfu mbili na mia tano. Elfu tano.

Kiingilio ni bure, na basi hutoka Celle. Tenga siku nzima, usiichanganye na bustani za michezo. Anza na jumba la kumbukumbu, usikilize sauti za walionusurika, kisha utoke nje ukatembee bila kuzungumza. Maua ya zambarau uliyoyafurahia Wilsede ni yaleyale.

Mkiwa na watoto

Wadogo hawatatembea kilomita 14, na si vibaya kuwapa siku yao. Heide Park ya Soltau ina mabembea makubwa na Colossos, reli ya mbao ya kutisha. Walsrode pana bustani kubwa ya ndege. Hodenhagen kuna Serengeti-Park, ambapo unaendesha gari katikati ya twiga na vifaru. Mtoto aliyezaliwa huku hufurahi, ila kama mmepanga kwenda Tanzania, wekeni fedha hiyo kwa ajili ya Serengeti yenyewe.

Hatua ya 9: Chakula, na cha kurudi nacho

Vyakula vya hapa ni nyama ya Heidschnucke, viazi vya nyikani, na keki ya Buchweizen, nafaka ndogo nyeusi yenye pembe tatu, iliyopangwa kwa malai na matunda machachu mekundu. Nyama kwa kawaida haikuchinjwa kwa namna ya Kiislamu, kwa hiyo Mwislamu aulizie samaki au viazi, na keki aulize kama imetiwa pombe. Mimi mara nyingi nabeba chapati na maharage kwenye chombo, tunakaa kwenye benchi la Wilsede, halafu tunanunua chai na keki.

Asali ndiyo zawadi. Asali ya Heide ni nyekundu ya kahawia, ina harufu kali na uchungu kwa mbali, na haimiminiki. Ukipindua kopo inabaki palepale, inatetemeka kama ute. Ukiikoroga kwa kijiko inalainika, ukiiacha inashikana tena. Ndivyo unavyoitambua ya kweli. Inunue kwa mfugaji mwenyewe, kwenye meza iliyowekwa mbele ya nyumba na kikopo cha kutumbukizia fedha. Weka bei kamili iliyoandikwa. Na unapoipeleka nyumbani kwa ndege, izungushie nguo na uiweke kwenye mzigo mkubwa, kwa sababu uwanjani inahesabiwa kuwa kimiminika, na kopo la nusu kilo kwenye begi la mkononi linaweza kubaki kwa askari wa ukaguzi. Mjomba alirudi Handeni na makopo manne namna hiyo, na alipofika alinipigia simu kuniambia wafuga nyuki wa kijijini wanataka kujua ni ua gani.